Njohi ya Mwitaliano

Benchi langu liko Kongo, Kawangware, mbele ya ploti ya mwanangu. Ni ubao mmoja juu ya matofali, na mtu wa kushoto akiinuka bila kusema, wa kulia anaanguka. Hapo huuza kahawa, birika moja asubuhi na moja jioni. Watu hulipia kahawa tu; maneno ni ya bure, na ndiyo maana yana ubora wa vitu vya bure. Wa kila siku ni watatu. Kuna Naftaly, tunamwita Koplo, aliyewalinda mateka wa Kiitaliano wakati wa vita vya Hitler na mpaka leo hajatoka zamu. Kuna Rosebella, muuza omena, yaani dagaa, kutoka kule ziwani, jina lake Redio, na betri zake haziishi. Na kuna Chege, mwanangu wa kumzaa, tunamwita Mabati kwa sababu ya vyumba anavyokodisha, na pia kwa sababu hupata joto haraka. Siku ninayoisema ilikuwa Alhamisi jioni, mwaka wa themanini na tatu, na aliyeleta fujo alikuja amevaa tai.

Huyo alikuwa Jeconia, mpishi wa mhandisi mmoja Mwitaliano kule Lavington, mtu wa ziwani kama Redio, mpangaji wa Soweto kule Kibera. Alikuwa anamtaka mjukuu wangu Njambi, binti ya Chege, na Jumamosi ilikuwa siku yake ya kuleta njohi, yaani pombe yetu ya muratina. Bila njohi hakuna ndoa, kuna kukaa pamoja tu. Ikiletwa, baba humwita binti mbele ya wageni amwulize, "Tuinywe?" Akikubali, anaonja yeye kwanza, kisha anampa baba. Akikataa, wageni wanabeba kibuyu chao wanaenda. Hivyo ndivyo nilivyoulizwa mimi, kwa hiyo nikiwa na malalamiko juu ya marehemu sina pa kuyapeleka.

Chege hakumtaka Jeconia. Sababu hakuwa nayo, alikuwa bado anaitafuta. Basi Jeconia akaweka kwenye benchi kitu kilichofungwa gazeti, akafungua polepole kama anamvua mtoto nguo. Chupa.

Mabati: Hiyo ni nini?

Jeconia: Njohi, Mzee. Nimekuja mapema niulize kama itafaa Jumamosi.

Mabati: Njohi huja kwa kibuyu. Hiyo ni chupa.

Jeconia: Mzee, si pombe za kienyeji zimepigwa marufuku? Nikibeba kibuyu kutoka Kibera mpaka hapa, nitaolea rumande. Hii ina lebo. Askari akiiona atapiga saluti.

Redio: Omera, ndugu yangu, hapo umefikiria!

Mabati: Chifu hutoa kibali cha sherehe. Anayetaka mke hupiga foleni.

Koplo: Hebu. Lete hiyo kitu nisome.

Koplo aliishika mbali na macho, mkono wote umenyooka, kama mtu anayempa nyoka maji.

Koplo: Ba-ro-lo. Hii naijua.

Mimi: Unaijuaje, na hujawahi kuiona?

Koplo: Mama Chege, nimewalinda wenyewe! Walipokuwa wanajenga ile barabara ya kuteremka kwenda Naivasha, mimi ndiye nilikuwa na bunduki.

Jeconia: Ni divai nyekundu, Mzee. Mdosi, tajiri wangu, ameniachia akirudi kwao. Barolo ni kijiji, kiko vilimani, kaskazini kabisa ya Italia, mahali panaitwa Piemonte. Zabibu yake ni moja tu, haichanganywi na nyingine. Inaitwa Nebbiolo. Huiva mwisho, wakati zabibu za watu wengine zimeshavunwa, na ukungu umeshuka kwenye vilima. Wanasema hata jina lake limetoka kwa ukungu.

Mabati: Kwa hiyo umeniletea ukungu.

Jeconia: Hapana, Mzee, ukungu ni—

Mabati: Limuru kuna ukungu mwaka mzima. Kama ukungu ungekuwa pombe, hakuna mtu wa Limuru angefika Nairobi akiwa wima.

Redio: Na kwa nini zabibu moja? Nyingine zimekosa nini?

Jeconia: Ni udongo, mama. Mdosi alisema ukiipeleka kwingine inakataa. Hata kilima na kilima, ladha si moja.

Redio: Hiyo si udongo. Kuna mzee wa kilima hicho alilaani vilima vingine. Kwetu kuna familia moja, samaki huwafuata wao tu. Wengine mnatupa nyavu mnatoa majani.

Koplo: Sasa nyinyi ndio mmenifungua macho. Wale mateka, kila ikifika Oktoba walikuwa wanalia. Nikadhani ni wake zao. Kumbe ni zabibu! Hata vita walishindwa kwa hiyo. Msimu wa kuvuna ulifika, wakatupa bunduki, wakainua mikono wapelekwe nyumbani. Jambo hilo halijaandikwa mahali popote.

Mimi: Litaandikwaje, na shahidi ni wewe?

Jeconia alimwambia Koplo kwamba divai hiyo ilivunwa mwaka wa sabini na moja, ikakaa kwenye mapipa ya mbao miaka kadhaa, kisha ikalazwa gizani ndani ya chupa. Mwaka huo Njambi alikuwa anang'oka meno ya mbele. Nikaitazama ile chupa kwa macho mengine kidogo.

Redio: Imelazwa gizani? Omera, kitu kikilazwa gizani miaka yote hiyo, kwetu tunakilia matanga.

Mabati: Muratina ni siku chache tu iko tayari. Kitu kinachochelewa hivyo kina tatizo. Lakini kama siri ni kilima, basi na mimi nina mahali. Nitapanda hiyo Nebbiolo nyuma ya choo, niandike kwenye chupa "Kongo".

Redio: Na ladha ya kilima chako itajulikana mara moja.

Tulicheka mpaka ubao ukatingishika. Jeconia naye alicheka, maskini, akifikiri kicheko ni kibali. Mabati hakucheka. Nikaona amepata ile sababu aliyokuwa anaitafuta. Namjua, nimemlea; akipata kisingizio hukuna sikio.

Mabati: Sasa sikiliza, kijana. Kwetu anayeleta njohi huonja kwanza, tujue hajatuletea sumu. Onja.

Jeconia: Leo? Mzee, ikifunguliwa leo, Jumamosi itakuwa imeharibika.

Mabati: Muratina ukiionja Alhamisi, Jumamosi inakuwa kali zaidi. Yako inaharibika? Basi hiyo si njohi, ni maziwa. Chukua chupa yako uende nayo.

Kijana alishika tai yake kama kamba ya mbuzi. Asipofungua, Njambi amempotea hapo hapo kwenye benchi. Akifungua, Jumamosi atakuja na nini?

Mimi: Chege, na Njambi je? Njohi hufunguliwa binti akiwepo.

Mabati: Mama, hii si kunywa. Ni kukagua.

Nilisema mara moja. Sirudii maneno kwa watu wenye masikio.

Basi ikafunguliwa. Kifungulio hakikuwepo, kilikuwa kimeenda Italia na mwenyewe. Koplo alileta bisibisi, akasukuma kizibo ndani, divai ikamrukia shatini, akasema hajawahi kumwaga damu kidogo hivyo. Mabati akasogeza kikombe cha bati. Jeconia akaweka mkono juu ya chupa.

Jeconia: Ngoja, Mzee. Ikifunguliwa huachwa kwanza ipumzike.

Mabati: Ipumzike? Imefanya kazi gani?

Redio: Imelala miaka kumi na mbili, na bado inataka kupumzika! Hiyo ni pombe ya wazungu kweli.

Walingoja kwa muda wa sigara ya Koplo, na huyo huvuta haraka. Jeconia akajimiminia, akazungusha kikombe, akanusa, akaonja, akafumba macho. Hakufa. Basi Mabati akasema mkaguzi ni yeye, akamiminiwa. Haikuwa nyekundu ya damu kama nilivyotegemea; ilikuwa imefifia pembeni, rangi ya tofali lililonyeshewa. Akanywa. Uso wake ukajikunja.

Mabati: Inauma.

Jeconia: Ndivyo zabibu yake ilivyo, Mzee. Mwanzo inashika ulimi, halafu inakuachia.

Mabati: Bado haijaniachia. Ongeza, tuone itaniachia lini.

Koplo akasema anywe kama shahidi wa vita. Redio akasema upande wa bwana harusi hauwezi kukosa mtu, na yeye ndiye mtu wa ziwani aliye karibu. Mimi nikapewa, nikachukua. Inashika mdomo kama ndizi mbichi, hiyo ndiyo kweli yangu. Halafu, ukishamaliza kuilaumu, kuna harufu inabaki nyuma ya pua, ya maua yaliyokauka ndani ya kitabu cha kanisa. Sikusema. Mtu wa umri wangu akianza kusema habari za maua, watu huanza kuuliza benchi ataachiwa nani.

Ikazunguka tena. Kila mmoja alikuwa na sababu. Koplo alisema ya kwanza ilikuwa na ladha ya bisibisi, hawezi kutoa ushahidi juu ya bisibisi. Redio alisema anatafuta ile laana. Mabati alisema anakagua ukungu. Sababu ziliongezeka jinsi chupa ilivyopungua, na Jeconia akimimina kwa adabu zote za Lavington, kitambaa mkononi, akigeuza shingo ya chupa lisidondoke tone. Kijana alikuwa anahudumia maangamizi yake mwenyewe. Kwenye kikombe cha Mabati yakaanguka machicha meusi.

Mabati: Na hii? Udongo wa kilima?

Jeconia: Hayo ni machicha yake, Mzee. Divai ikizeeka inaweka.

Mabati: Basi imeisha.

Ndipo wote wakatazama chupa, kama watu waliosikia jina lao likiitwa polisi. Redio akawa wa kwanza kuamka. Alipiga kigelegele kimoja, mbwa wa jirani akajibu.

Redio: Mabati, mkwe! Umekunywa njohi ya kijana. Umekubali!

Mabati: Nani amekubali? Nilikuwa naonja!

Redio: Anayeonja hulamba. Wewe umefika mpaka kwenye machicha. Koplo, si ameinywa?

Koplo: Mbele yangu. Na midomo yake inasema hivyo hivyo.

Kweli midomo ya mwanangu ilikuwa imegeuka zambarau, na meno pia. Alijipangusa kwa mkono, akaipaka mpaka kidevuni.

Mabati: Hiyo haikuwa njohi! Nilisema ni ukungu!

Redio: Kama haikuwa njohi, basi mtu mzima, mwenye ploti, amemnyang'anya kijana zawadi ya tajiri wake akainywa barabarani. Chagua, wewe ni mkwe au wewe ni nini?

Jeconia alikaa wima. Kwa mara ya kwanza jioni hiyo uso wake ulifanana na tai yake. Lakini Njambi alikuwa anateremka kutoka sokoni, ambako hushona sare za shule, nyuzi za kijani zimemng'ang'ania kwenye sweta. Akasimama. Akatazama bisibisi, vikombe, kidevu cha baba yake. Kwa Jeconia macho yake hayakusimama muda mrefu.

Njambi: Cucu, hiyo ni nini?

Mimi: Njohi yako.

Njambi: Ya Jumamosi?

Mimi: Ilikuwa.

Jeconia aliinuka bila kusema, na Koplo, aliyekuwa mwisho wa ubao, akashuka chini na kikombe chake. Hakuna aliyemwinua. Jeconia aliishika ile chupa tupu kwa mikono miwili.

Jeconia: Njambi, mimi niliambiwa nionje tu.

Njambi: Na wewe, Baba, uliambiwa?

Mabati: Tulikuwa tunakagua. Kuna mambo ya usalama.

Njambi akachukua chupa, akainusa muda mrefu. Nikajua na yeye amefika kwenye yale maua.

Njambi: Ilikuwa tamu?

Basi. Ndilo swali alilouliza. Redio akaanza kuhesabu omena wake. Mabati alifungua mdomo wa zambarau. Akisema ilikuwa tamu, amempokea mkwe. Akisema ilikuwa chungu, aeleze imeishaje. Jeconia naye alitaka kujibu, ila ni yeye aliyeimimina. Koplo, kutoka chini, alikohoa kijeshi. Nikainua birika nimimine kahawa, angalau midomo ipate kazi ya heshima. Likatoa tone moja na mvuke.

Njambi: Mtaleta nyingine. Nikiulizwa, nitajibu. Sasa sijaulizwa.

Jeconia: Nyingine haiko, Njambi. Mwitaliano ameshapanda ndege.

Njambi: Basi ya kibuyu. Na kibali cha Chifu atatafuta aliyekunywa hii.

Akaingia ndani na chupa. Jeconia alibaki akitazama mlango, nami nikamwonea huruma kiasi cha kikombe kimoja, lakini kahawa ilikuwa imekwisha.

Jumamosi ilipita bila njohi; Jumatatu asubuhi nilipopita kwa Chifu nikienda kununua makaa, foleni ilikuwa ndefu. Mbele alisimama Jeconia, bila tai. Nyuma yake alikuwa Chege mwanangu, mwenye ploti, kofia imeshushwa usoni, anaomba kibali cha pombe ya kumwozea binti yake kwa mtu asiyemtaka. Karani akamwuliza Chege ni sherehe ya nani. Nilisimama nisikie atajibu nini. Alikuna sikio, akamwonyesha Jeconia kwa kidole.

— Ya huyu, akasema. Kama msichana atakubali.