Mama Hélène Feza Amundala, Aliyefikisha Samaki Wakiwa Hai (1957–2024)

Mapadri, wazee, majirani wa Kasuku, na ninyi wamama wa Alunguli mliovuka mto asubuhi hii: familia imenipa mimi, Anaclet, mdogo wake wa tumbo moja, kusoma maisha ya yaya, dada yetu mkubwa. Yeye hakupenda hotuba ndefu, isipokuwa zile za kumsifu. Hizo alizisikiliza kimya mpaka mwisho, asipoteze hata neno. Basi leo nitamsifu bila haya.

Mama Hélène alizaliwa Kibombo tarehe 12 Aprili 1957, mtoto wa pili wa Papa Casimir Amundala, fundi wa reli, na Mama Marie Mwavita. Mwaka 1965 Papa alihamishiwa Kindu, na familia ikaja kwa treni na kuku wake wote. Hapa ndipo yaya alipokulia.

Alisoma shule ya msingi hapa mjini, kisha akaingia shule ya kushona ya masista, akapata cheti chake Julai 1976. Masista walimsifu kwa mshono ulionyooka, wakamlalamikia kwa kuuliza maswali katikati ya rozari. Vidole vyake vilikuwa na nguvu ambayo hatukuwahi kuielewa. Nyumbani, kifuniko kilichogoma kilipelekwa kwake kabla ya kupelekwa kwa Papa.

Vidole hivyo ndivyo vilivyompa kazi. Mwaka 1978 Bwana Moussa Sefu, mfanyabiashara wa hapa Kasuku, alikuwa na nyumba ya samaki karibu na mto. Alinunua kwa wavuvi samaki wadogo wa Lualaba ambao sisi tungewatupa: wale wenye mdomo mrefu kama mkonga, wale wanaoogelea tumbo juu, wale wanaojivimbisha ukiwagusa. Walifungwa katika sashe za plastiki, wakapandishwa ndege mpaka Kinshasa, halafu Ulaya, ambako watu huwaweka ndani ya vioo sebuleni. Yaya alipokwenda kuomba kazi, Bwana Moussa alimpa sashe yenye maji na samaki, akamwambia aifunge. Yaya aliijaza hewa, akaisokota shingo, akaikunja, akaizungushia kauchu, ule mpira mwembamba wa kufungia. Bwana Moussa aliiweka juu ya kiti, akaikalia. Alikuwa mtu mnene. Alipoinuka, akapapasa kanzu yake nyuma, ikawa kavu.

"Kesho ukuje kazini," alisema.

Alifanya kazi pale miaka ishirini, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo alikuwa mkubwa wa wafungaji. Kila aliyefundishwa naye anakumbuka somo la kwanza. Mgeni wa kazi hujaza sashe maji, akidhani samaki anahitaji maji mengi. Yaya alikuwa akiyamwaga, anabakiza kidogo tu chini, kisha anaifungulia chupa ya oksijeni mpaka sashe isimame ngumu kama mpira. "Maji yake anayo ya kutosha," alisema. "Njiani anakosa pumzi." Alifunga pembe za chini za sashe ili wadogo wasibanwe humo. Wenye miiba aliwavalisha sashe tatu, na magazeti katikati. Siku mbili kabla ya safari hakuwalisha, wasije wakachafua maji yao. Halafu aliwapanga ndani ya masanduku ya frigolite, yale meupe mepesi yanayozuia joto, akayapiga kofi dogo kila moja kama mtu anayeaga.

Katika kazi hiyo alikutana na mume wake. Mwaka 1980 chupa ya oksijeni ilianza kuvuja, na Bwana Moussa akamwita fundi wa kuchoma vyuma, kijana Jules Kalonda. Jules aliitengeneza siku moja. Kesho yake alirudi kuiangalia, na kesho kutwa tena, ingawa haikuwa na kasoro. Yaya akamuuliza mbele ya wafanyakazi wote, "Fundi, chupa ndiyo iko mugonjwa ao ni weye?" Walifunga ndoa parokiani tarehe 5 Septemba 1981. Papa Jules mpaka leo anapenda kusema kwamba alikwenda kufunga chupa, akafungwa yeye. Mungu aliwapa watoto watano: Jérémie, Nathalie, Dieumerci, Mamy na Divine.

Oktoba 1998 vita vilifika Kindu. Masanduku yaliyokuwa tayari yalingoja ndege, na ndege haikuja. Yaya aliyapeleka ukingoni, akatoa kauchu sashe kwa sashe, akaurudishia mto samaki wake. Bwana Moussa alimkabidhi ufunguo wa depo, ghala la nyumba ya samaki, akaondoka na familia yake kwenda kwa ndugu zake Kigoma. Waporaji walichukua meza, mabeseni na hata milango. Mabunda ya sashe waliyaacha pale chini, kwa kuwa hayakuwa na faida kwao.

Mwaka 2002 ulikuwa mbaya kuliko yote. Mji ulizingirwa. Aliyekwenda shambani hakujua kama atarudi. Ng'ombe hakuna, mbuzi hakuna, na mabwawa ya samaki ya Alunguli yalichotwa mpaka yakabaki tope. Divine, kitinda mimba wetu, alikuwa na miaka mitatu. Miguu yake ilivimba, nywele zikawa nyekundu. Muuguzi alimtazama, akasema, "Mama, huyu mutoto si mugonjwa wa dawa. Anakosa mayai, anakosa samaki."

"Samaki niitoe wapi?" yaya akauliza.

"Najua, mama," alisema muuguzi. "Najua."

Divine alifariki tarehe 9 Novemba 2002. Yaya hakulia mbele ya watu. Muda mrefu baadaye, tukiwa jikoni kwake, aliniambia: "Anaclet, miaka makumi mbili nilipeleka samaki Ulaya ikiwa mizima, watu waiangalie tu. Na mutoto wangu amekufa juu ya kukosa samaki." Jibu alikwenda kulitafuta yeye mwenyewe.

Vita vilipotulia, mabwawa yalichimbwa upya Alunguli, lakini hapakuwa na mbegu ya samaki ya kuweka ndani. Mwanzoni mwa 2004 yaya alisikia kwamba mkulima mmoja wa mpunga upande wa Kibombo, Bwana Masudi, alikuwa na bwawa lililofichika msituni ambalo hakuna askari aliyeliona, na tilapia wake bado wanazaa. Papa Jules alifunga chupa ya oksijeni ya kazi yake juu ya baiskeli, yaya akabeba sashe za depo, wakashika njia.

Bwana Masudi aliwapokea vizuri, akawapikia wali, akakataa. "Watu walishajaribu kuibeba na bidon za maji," alisema. "Inafika Kindu inanuka. Siwezi kutoa samaki yangu ikafie njiani."

"Nipe kumi tu," yaya alisema. "Nitaifunga, nitaitundika hapa kwako kwenye kivuli. Tutalala siku mbili. Ikikufa, tunarudi, na hatutakusumbua tena."

Mke wa Bwana Masudi, Mama Salama, alicheka sana. "Siku mbili? Ndani ya sashe, kama mikate?"

Sashe ilitundikwa kwenye boriti. Watu wa kijiji walipita kuichungulia, na wengine walisema mama wa Kindu amechanganyikiwa kwa sababu ya vita. Siku ya tatu asubuhi yaya aliishusha, akaifungua ndani ya beseni. Bwana Masudi aliinama, akaingiza kidole majini, na samaki wote kumi wakakimbia upande wa pili. Alikaa kitako pale pale chini.

"Chukua," alisema. "Na mbele ya kwenda, unifungie na miye sashe moja, nipelekee shemeji yangu."

Walirudi wakisukuma baiskeli, sashe zimefunikwa magunia mabichi na majani ya migomba ili jua lisizichemshe. Kwenye barrière moja, kizuizi cha barabarani, askari kijana aliwasimamisha. Alidhani wamefichamo madini, akaamuru zifunguliwe.

"Nikifungua hapa, itakufa," yaya alimwambia. "Lakini angalia." Akainua sashe mbele ya jua.

Askari alisogeza uso karibu, mpaka pua ikagusa sashe. Kisha alisema, "Moja iko inaniangalia." Aliinua kamba, akawapitisha. Walipokuwa wameshasogea, aliwakimbilia kuuliza kama samaki hao wangeweza kufika Punia, kwa mama yake.

"Itafika," yaya alisema.

Alunguli, wamama walikuwa wanangoja kwenye bwawa. Walitaka zifunguliwe mara moja, lakini yaya alikataa. Aliziacha sashe zielee kwanza, mpaka maji ya ndani yafanane na ya nje, na alisimama ndani ya bwawa mpaka magotini akiwazuia watu kwa mikono. Kisha akafungua ya kwanza. Mko hapa ninyi mlioona. Wachache walikuwa wamekufa. Wengine wote walitoka, wakazama, wakapotea kwenye maji ya kijani, na vigelegele vyenu vilisikika mpaka ng'ambo hii ya Kasuku. Yaya alilia siku ile. Papa Jules aliingia majini na viatu vyake, akamshika.

Kwa kila bwawa alilolijaza, aliomba jambo moja: wakizaa, mpe mwingine. Hivyo samaki wa Bwana Masudi walifika Pangi, wakafika Kabambare, na mwaka 2009 wakafika Punia, kwa njia ambazo hata pikipiki zinazilalamikia. Yaya mwenyewe alifunga sashe hizo au alisimama nyuma ya aliyezifunga. Leo kuna watoto wengi Maniema waliokula samaki huyo na wasiojua hata jina la yaya. Alilifahamu hilo, na lilimfurahisha.

Mwaka 2010 Rachida, binti wa Bwana Moussa, alirudi kutoka Kigoma kufufua nyumba ya baba yake, naye hakutafuta mfungaji mwingine ila yaya. Mzigo wa kwanza uliondoka Mei. Ndege iliyotakiwa kuutoa Kinshasa kwenda Ulaya iliharibika, masanduku yakalala uwanjani siku nzima zaidi ya ilivyopangwa, na Rachida akaanza kulia. Yaya aliendelea kupalilia bamia zake. "Nilifunga mwenyewe," alisema. Simu ilipigwa kutoka Ulaya Jumapili baada ya misa: hakufa hata mmoja. Rachida alipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Yaya alisema tu, "Waambie wasifungue haraka." Halafu akaingia ndani, na kupitia dirishani tulimwona akicheza peke yake.

Kisukari kilimshika mwaka 2018. Macho yalipofifia, alifunga kwa kugusa, na wasichana wake walikiri kwamba bado aliwashinda. Januari mwaka huu miguu ilikataa, akalazwa hospitalini. Siku moja aliupapasa mfuko wa serum, yale maji ya dripu, uliotundikwa juu yake, akauliza nani aliufunga. Muuguzi akamjibu kwamba umefungwa kiwandani. "Amefunga muzuri," yaya alisema, akalala. Alitutoka alfajiri ya Alhamisi tarehe 14 Machi 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Papa Jules, akiwa na miaka sitini na sita.

Samaki mtakaokula leo kwenye matanga wametoka Alunguli. Wamama waliwavua jana, wakaikataza familia isichangie hata chumvi.

Ameacha mume wake, Papa Jules Kalonda. Watoto wake Jérémie, Nathalie, Dieumerci na Mamy. Wakwe na wajukuu. Mimi mdogo wake. Rachida, aliyemwita mama. Na wasichana wote wa nyumba ya samaki, ambao kesho kutwa wana mzigo wa kufunga na wanajua namna ya kuufunga.

Leo tunamlaza kando ya Divine. Mungu awape wote wawili pumziko ambalo vita haviwezi kulifikia.