Walishusha Mchele Kabla ya Kulia

Mheshimiwa mjumbe, uliyetumwa na burugumesta, mkuu wa komini yetu ya Kampemba. Mchungaji, uliyetufungulia kwa sala. Papa Zéphirin, rais wetu unayeshuka leo kwenye kiti ukiwa bado na nguvu za kukipanda. Mama Dorcelle, rais wetu mpya. Mama Mujinga na wenzako wa chama cha wana-Kasai, muliofika mapema kuliko wenye sherehe. Ndugu zangu wa Kivu Kaskazini munaoishi Lubumbashi, Kipushi na Kasomeno. Na wewe Mama Mapalo, uliyeketi safu ya mbele na kitambaa chako cheusi, ambaye kwa haki ungetajwa wa kwanza, lakini itifaki haijui kila kitu: nawasalimu, kila mtu kwa heshima yake.

Mimi ni Mama Céline, muuza maharage, mama yake Chadrack. Sikuandika karatasi, maana karatasi inanichelewesha. Nimeombwa nieleze kwa nini chama hiki cha wana-Kivu, ambacho tangu kizaliwe kimeongozwa na wanaume, leo kinamkabidhi mwanamke kiti. Kuna watu humu ndani bado wanaguna. Nawasikia, musifikiri uzee umeniziba masikio. Ni kwa ajili yenu nimesimama.

Sisi kina mama tulikuwa nani katika chama hiki? Tulikuwa jiko. Wanaume wakikutana sebuleni, sisi tuko uani na sufuria, tumevaa kitenge cha chama, tunakoroga. Uamuzi tulikuwa tunausikilizia dirishani, na mara nyingine ulitufikia ukiwa umekwisha kuharibika. Cheka tu, Papa Zéphirin, lakini unajua ni kweli.

Mwaka juzi, wakati wa mvua, mwanangu Chadrack alitoka hapa na gari la bidhaa zetu, anaelekea Kasenga. Kwenye mteremko kabla ya kufika Kasomeno, breki zikamkatalia. Mbele yake kulikuwa na baba mmoja anasukuma baiskeli ya makala, makaa ya kupikia. Aliitwa Pierre. Naomba tulitaje jina hilo taratibu, kwa sababu mke wake yumo humu. Pierre alikufa palepale. Chadrack hakukimbia. Alishuka, akavua shati lake, akamfunika. Vijana wa kijiji wakamkamata, wakamfungia katika darasa la shule, wakaapa kwamba siku Pierre atakapozikwa, shofere naye atamfuata. Polisi walikuwa mbali, barabara ilikuwa matope matupu. Hiyo ndiyo habari iliyonikuta sokoni nikimpimia mtu maharage.

Wanaume wetu hawakulala, na kwa hilo nawashukuru mbele ya Mungu. Lakini munatujua sisi watu wa Butembo, kule kwetu Kivu. Gari likifika, mizigo inashuka kwanza, salamu baadaye. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo tulivyojenga hizi nyumba zetu. Basi wanaume wakapakia mchele, wakaenda mpaka kwenye kilio, wakafungua gari na kuanza kushusha magunia, pu, pu, pu, katikati ya uwanja wa wafiwa. Hakuna aliyekuwa amekaa chini. Hakuna aliyetoa chozi. Halafu Papa Zéphirin akaomba kiti. Jamani, kiti, kwenye kilio ambako mjane mwenyewe amelala chini! Alipokikosa akasimama, akasafisha koo, akaanza: "Mheshimiwa chifu, ndugu wafiwa..."

Mdogo wake marehemu akamkata: "Papa, mutu banamulipaka na muchele?"

Mawe yakaanza. Rais wetu alirudi Kampemba na kiatu kimoja, na mimi nilipokiona kile kiatu nikaanguka sakafuni. Nilijua mwanangu amekwisha.

Sasa musikilize vizuri, hasa ninyi munaoguna. Mama Dorcelle, wakati ule msimamizi wa jiko, alinikuta pale sakafuni. Akaniambia, "Mama Céline, simama. Tunaenda kulia." Nikamjibu, "Mbona nalia tayari?" Akasema, "Hapana. Hiyo unaliaka ni ya Chadrack. Kule tunaenda kulia Pierre. Ukitaja jina ya mutoto wako, unashuka mu motokari, unarudi kwa miguu."

Je, ninyi kina mama wenzangu, mungeweza? Mtoto wako amefungiwa, unakwenda mpaka mlangoni pake, halafu unaambiwa umlilie mume wa mwingine? Nilimchukia Dorcelle njia nzima. Nasema waziwazi, mwenyewe yuko hapa ananisikia: nilimchukia.

Gari alilisimamisha mbali, kule chini barabarani. Tukavua viatu. Tukakaza vitenge kiunoni, tukaingia kwa miguu, tunalia. Hakuna aliyetujibu salamu. Hakuna aliyetupa mkeka. Tukakaa kwenye udongo, pembeni, karibu na magunia ya mchele ambayo hakuna mtu aliyekubali kuyagusa. Kuku ndio walikuwa wanadonoa. Shule iliyomfungia mwanangu ilikuwa ng'ambo tu ya uwanja. Niliona mlango. Niliona vijana wameketi mbele yake. Dorcelle akanishika mkono, akanigeuza nimtazame mjane.

Asubuhi tukachota maji. Tukaosha vyombo. Tukapepeta unga, tukasonga bukari ya watu wote, na sisi wenyewe tukala mwisho. Wakatuimbia nyimbo za kutusimanga, tukaitikia kiitikio. Walipolia, tulilia. Na nitawaambia jambo: kufika siku ya pili, nilikuwa namlilia Pierre kweli. Nilikuwa nimesikia alivyokuwa akitania watoto wake, alivyopenda kisamvu, alivyokuwa akisukuma ile baiskeli na kuimba. Nilimlilia kama jirani yangu. Dorcelle hakunidanganya, wala hakuwadanganya wale watu. Alitupeleka kulia, na tulilia.

Kesho yake kulikuwa na maziko. Jioni ya siku hiyo ya pili nilikuwa nasugua sufuria. Mama Mapalo, wewe ulikuja ukasimama karibu yangu. Kama nikikosea, nirekebishe. Uliniambia, "Mama, weye unasugua hii sufuria mpaka itatoboka. Iko nini?"

Nikaendelea kusugua. Dorcelle akainamisha macho. Ukatazama shule, ukanitazama mimi, ukatazama tena shule.

"Ni wako?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Jina sikulitaja. Naapa sikulitaja.

Mimi nilikuwa nangoja unitemee mate, na ungekuwa na haki. Ukageukia wanawake wako, ukasema, "Mufungue ile muchele. Mupike." Shemeji yako akaruka kukuzuia, na wewe ukamjibu bila kupandisha sauti: "Ni bwana yangu njo alikufa, hapana bwana yako." Mchele ulipoiva, ukapakua sahani kwa mkono wako, ukanipa. "Umupelekee. Mutoto hawezi kulala na njala na mama yake iko hapa."

Ndugu zangu, mimi nimesali kanisani tangu utotoni, na sijaona muujiza mkubwa kuliko ile sahani. Vijana walifungua mlango wenyewe. Chadrack aliuliza nani amepika. Nikamwambia. Akalia mpaka chakula kikapoa, nikamwambia ale, akala. Baada ya maziko tulirudi naye, akaenda mbele ya sheria kwa miguu yake, mzima, akahukumiwa, akatumikia alichohukumiwa. Hilo nalo lilikuwa haki.

Tuliporudi, wanaume waliketi sebuleni kama kawaida yao, na sisi tukaenda uani kama kawaida yetu. Mara tukasikia kiti kinaburutwa. Papa Zéphirin alitoka nacho mpaka jikoni, akakiweka katikati ya sufuria, akamwonyesha Dorcelle, akasema, "Mimi nilirudi na kiatu kimoja. Huyu mama alirudi na mutu. Mukalishe yeye." Papa, nimekutania leo kutwa nzima, lakini ule uungwana sijausahau. Wangapi wangeweza? Imechukua muda wa mabishano mpaka mkutano mkuu ukakubali. Leo umekubali.

Mama Dorcelle, sina zawadi inayokutosha. Nilikuchukia njia ya kwenda; njia ya kurudi chuki ilikuwa imekwisha. Nakuogopa kwa heshima. Uliwezaje kujua kwamba njia ya kumfikia mwanangu ilikuwa inapita kwa Pierre? Kaa kwenye hicho kiti. Na siku utakapoanza kushusha mchele kabla ya kulia, mimi ndiye nitakayekuvuta kitenge. Ninyi munaoguna, nanyi mutakuwa na siku yenu ya matope na mlango uliofungwa. Siku hiyo mutamwita nani?

Sasa namaliza, maana harufu ya chakula imefika na Mheshimiwa ameanza kutazama saa.

Mumeona leo kina mama wote wameketi hapa ukumbini. Jikoni kuna wanaume. Mmoja wao yuko kule tangu asubuhi, amekataa kutoka. Ni Chadrack. Tangu siku ya mahakama hajaonana na Mama Mapalo uso kwa uso. Ameniambia, "Mama, nitapika, nitaosha vyombo, lakini usinipeleke mbele yake."

Nimemuuliza Mama Mapalo tulipokuwa tunaingia. Amenijibu neno moja: "Akuye." Yaani, aje.

Chadrack, mwanangu, najua unanisikia. Jiko lile lina dirisha, nalifahamu miaka mingi. Pakua mchele. Sahani ya kwanza si ya Mheshimiwa, atatusamehe. Ilete mwenyewe, kwa mkono wako. Vua viatu mlangoni.

Asanteni wote kwa masikio yenu na uvumilivu wenu. Musinipigie makofi, tafadhali. Mlango umefunguka. Mumupishe apite.