Elbia Sarasola na Maji Yasiyopoa Kabisa

Marehemu Elbia Sarasola Pintos alizaliwa tarehe 9 Agosti 1959 hapa Salto, mtaa wa bandarini, miezi minne baada ya mto kuingia hadi vyumbani. Mwanzo huu aliniagiza niutaje kwanza, na sababu yake mtaisikia. Alikuwa kifungua mimba wa mpakia machungwa Ramón na mkewe Delia. Mimi Zulma, ninayesoma, ni kitinda mimba.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971, akakalishwa kwenye cherehani kushona yale majoho meupe ya wanafunzi. Wengi wenu hapa mliyavaa. Yaliyowabana si kosa lake, mlikuwa mnakula sana.

Tarehe 14 Mei 1983 alifunga ndoa na Waldemar Techera, dereva wa trekta. Walijaliwa binti mmoja, Noemí. Waldemar alifariki mwaka 2015. Elbia hakukaa kulia dirishani. Alirudi shule, sekondari ya jioni, akamaliza, na mwaka 2021 akaingia chuo kikuu kusoma hisabati tumizi pamoja na watoto wa miaka kumi na minane.

Somo lililomteka lilikuwa milinganyo tofautishi. Nilimuuliza ni mdudu gani huyo. Alikuwa ameshika kibuyu cha chai yetu chungu, mrija mdomoni, macho mbali.

“Ni hesabu ya vitu vinavyobadilika, Zulma. Haya maji yakiwa ya moto sana yana haraka ya kupoa. Yakikaribia ubaridi wa chumba yanalegea. Yanakaribia, yanakaribia, kwenye hesabu hayafiki.”

“Basi nipe ninywe kabla hayajalegea.”

Miaka ile alitembea kama aliye ndotoni. Tukikaa ukingoni mwa mto, aliutazama hadi ng'ambo ikafifia, akasema kila kitu kiko njiani: mto, homa ya mtoto, machungwa ghalani, hata huzuni.

“Huzuni nayo ina mlinganyo?”

“Inao. Inashuka upesi mwanzoni, halafu inakaa.”

Alifeli mtihani mara mbili, kwenye swali la birika la maji linalopoa, kwa kosa lile lile. Alipata jinsi kitu kinavyobadilika, akasahau kuandika kilianzia wapi. Mwalimu alimwambia: “Mama Elbia, umenijibu kuhusu mabirika yote duniani. Mimi nimeuliza hili moja.”

Novemba 2023 alionekana ana saratani ya kongosho. Madaktari wa mji mkuu, Montevideo, walimtaka kwa matibabu juma lile lile la mtihani wa Februari. Tuligombana jikoni.

“Utakufa kwa ajili ya birika?”

“Kufa nitakufa, mdogo wangu. Ila nikiwa nimefeli mara mbili, hapana. Waambie nakuja juma linalofuata.”

Tarehe 14 Februari 2024 aliitwa ubaoni. Noemí nami tulisimama mlangoni. Aliandika taratibu, kama anayeshona pindo, akaweka chaki, akageuka kwenda kukaa. Noemí akanibana mkono. Katikati ya chumba Elbia alisimama, akacheka peke yake, akarudi.

“Mwanzoni,” alisema huku akiandika, “maji yalikuwa nyuzi joto themanini.”

Alipewa tatu kati ya kumi na mbili, alama ya chini kabisa ya kupita.

“Tatu tu?” nilimuuliza.

“Tatu inatosha. Funga mdomo ukachemshe maji.”

Montevideo alikwenda, lakini ugonjwa ulikuwa umemtangulia. Alifariki nyumbani Jumapili tarehe 21 Aprili 2024. Asubuhi ile alikunywa, akanirudishia kibuyu na kusema, “Asante.” Kwetu anayerudisha kibuyu akashukuru ametosheka, usimwongeze. Neno hilo hakuwahi kuniambia maisha yake yote; alikuwa akimaliza chupa nzima ya maji ya moto.

Ameacha binti yake Noemí, mkwewe Hebert, mjukuu wake Luana, mimi mdogo wake, na wanafunzi wenzake, wale waliosimama kule nyuma wakidhani siwaoni wakilia.

Dada, mwanzo nimeuweka. Pumzika kwa amani, taratibu, kama maji yako.