Wasifu wa Mke wa Tatu, Fundi Cherehani wa Mtaa wa Nyuma

Aliyelala mbele yetu leo alizaliwa tarehe 9 Juni 1949, mtoto wa kwanza wa mkulima wa pamba na mkewe. Anayemsomea wasifu huu ni mdogo wake, aliyenyonya naye ziwa moja, na ndiye aliyempachika jina la Bi Sindano kwa ajili ya ulimi wake, kabla hata hajajua kushona. Wengi wenu mlimjua kwa jina hilo tu. Lakini mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na tusidanganyane mbele ya maiti.

Alianza shule mwaka 1957, akamaliza darasa la nane, kisha akaingia chuo cha ushonaji. Huko mwalimu alimkaripia kwamba vifungo vya shati alilolishona vimekaa upande. Akajibu, "Mwalimu, mwenye shati ndiye ana tumbo la upande." Alifagia darasa wiki nzima, na shati lilipovaliwa likamkaa mwenyewe sawasawa.

Aliolewa tarehe 14 Desemba 1968, akiwa mke wa tatu wa mfalme. Baba yetu alikuwa msemaji wa wakulima, nao walikuwa wamegoma kuuza pamba kwa bei ya kasri. Mfalme hakupandisha bei. Alileta posa. Baba akawa mkwe, na mkwe hagomi. Mama aliuliza, "Na mtoto mwenyewe anasemaje?" Baba akasema, "Atakula vizuri." Alikula vizuri kweli, kwa miaka mitatu hivi.

Tarehe 2 Agosti 1970 alijifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji. Mtoto hajatimiza mwaka akaanguka kitandani, akavunjika bega la kushoto, likaunga likiwa limeshuka kidogo. Mwaka uliofuata baba yetu akafariki, wakulima wakagoma tena, na baraza la mfalme likasema moto unatoka ukweni. Mke wa mfalme hapewi talaka, hufichwa. Marehemu alitolewa kwa mlango wa jikoni na begi moja. Mtoto alibaki, akakabidhiwa mke mkubwa, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume.

Ieleweke kwa nini alinyamaza, maana wapo waliomwita mwoga. Desturi ya kasri ni kwamba mfalme ana mama mmoja tu. Huyo ndiye humvisha joho siku ya kutawazwa, na ndugu zake ndio hushika baraza. Mama wa pili akijitokeza, mtoto hana kiti. Mzee wa baraza alimwambia waziwazi: "Ukisema umezaa, mwanao atakosa kiti. Na wanaokosa kiti humu ndani hawazeeki." Akapewa vyumba viwili vya kasri mtaa wa nyuma, akakatazwa kuolewa tena. Watu walipomuuliza kuhusu watoto akawa anasema hana.

Alishona sare za shule kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1998 mfalme wa zamani alipofariki, fundi mkuu wa kasri alizidiwa na kazi, akamletea joho la kutawazia alishone yeye. Hakujua anamletea nani. Akatazama vipimo vyake mwenyewe akasema, "Hapa nimekosea, bega moja liko chini. Yasawazishe mabega." Marehemu akamwambia, "Yaache yalivyo." Siku ya kutawazwa aliangalia televisheni kwenye kibanda cha kinyozi. Mke mkubwa alipomvisha mfalme mpya, kinyozi akasema, "Limemkaa utadhani kashonewa na mama yake." Akajibiwa, "Nyoa wewe, utamkata mtu."

Mke mkubwa alipofariki mwaka 2019 akazikwa kama mama wa mfalme, marehemu alifunga duka akalia. Alisema, "Kuzaa si kazi, kazi kulea." Mdogo wake alikasirika siku ile, na hasira hiyo haijamtoka, kwa sababu uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mzazi alikuwa amekaa pale na shela jeusi la kumlilia aliyemchukulia mwana.

Machi mwaka jana alianza kutokwa na damu. Hospitali wakakuta saratani ya kizazi. Daktari akauliza ana watoto wangapi. Akasema hana. "Na mshono huu wa tumboni, mama?" Akasema, "Ni wa zamani." Daktari akaandika hana. Mdogo wake alikuwa kando ya kitanda na hakusema neno.

Alifariki Jumapili, tarehe 11 Februari 2024, saa tisa alasiri, nyumbani. Adhuhuri ile alisema, "Nimemkana mpaka kwa daktari. Mkinizika, semeni nilizaa." Mdogo wake akamuuliza, "Na kiti chake?" Akasema, "Yeye amekaa miaka yote hiyo. Mimi nimesimama."

Mjumbe wa kasri, aliyekaa pale mbele, karibu mheshimiwa, alifika juzi. Alileta turubai hili, jeneza na mashada, na tunashukuru. Akaomba kwa upole wasifu useme kwamba marehemu hakujaliwa mtoto. Akakumbusha, kwa upole vilevile, kwamba nyumba ni ya kasri. Familia ilikaa kikao. Wapwa wameshaanza kufunga vyombo.

Marehemu ameacha mdogo wake mmoja, wapwa wanne, na mtoto mmoja wa kiume, mwenye kiti. Amepelekewa habari za msiba huu. Hakuja.

Pumzika sasa, mama wa mtu.