Binti wa Mama wa Vibao, Mshona Vitabu

Marehemu aliacha agizo kwamba isisomwe hapa leo kuwa alikuwa mpole, mnyenyekevu na mwepesi wa kusamehe. Alisema sifa hizo wapewe wanaozitaka. Yeye alikuwa mkarimu, msafi na mkweli, na jambo likimkaa moyoni alikuwa halitoi mpaka mwenye kulitia alitoe mwenyewe. Dada yake mkubwa, aliyembeba mgongoni akiwa mtoto na ambaye ameandika wasifu huu, anathibitisha kila neno.

Alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1947, saa moja asubuhi, katika nyumba ya vyumba sita nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Baba yake alikuwa mpakia mizigo kiwandani hapo, na mama yake ndiye yule ambaye mtaa mzima ulimwita Mama wa Vibao. Jina hilo lilitokana na mbao za masanduku yaliyovunjika, ambazo baba alikuwa akirudi nazo jioni. Mama alizisugua kwa mchanga mpaka zikalainika, akachanganya masizi na maji kupata wino, akawafundisha wasichana wa mtaa kusoma Kurani na kuandika majina yao. Alifundishia jikoni, mlango umefungwa, kwa sababu wanaume walikuwa wakisema, "Binti akijua kuandika ataandika barua za mapenzi." Mama akawajibu kupitia dirishani, "Na asiyejua atawekeshwa dole gumba kwenye karatasi asiyoijua." Alifundisha hivyo miaka ishirini na moja. Alifariki tarehe 2 Februari 1969. Hakuacha picha wala cheti. Aliacha wanawake wanaojua kusoma.

Marehemu alishika kibao chake cha kwanza akiwa na miaka minne. Shule ya msingi aliianza mwaka 1954 na kuimaliza mwaka 1961, wa kwanza darasani miaka mitano kati ya minane. Miaka mitatu iliyobaki wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu, na marehemu hakuwahi kukubali kuwa ilikuwa haki. Nafasi ya kuendelea na masomo hakuipata. Waliohusika na jambo hilo wote wako makaburini, na hesabu yao wanaitoa huko.

Tarehe 1 Julai 1968 aliajiriwa katika maktaba ya mji kuwa mshona vitabu. Chumba chake kilikuwa cha chini, kina dirisha moja, meza ndefu, sindano kubwa, uzi uliotiwa nta na ndoo ya gundi ya unga. Kila kitabu kilichochanika kilishushwa kwake. Msimamizi wa maktaba alimwambia siku ya kwanza, "Kazi yako ni kushona, si kusoma." Marehemu akasema, "Ndiyo, bwana," kisha akasoma kila alichokishona kwa miaka ishirini na tisa. Aliitetea hoja yake hivi: huwezi kujua karatasi ipi inafuata ipi kama hujui habari inakwenda wapi.

Ndimo alimowakuta wanawake waliomtangulia. Alimkuta Mama wa Waumini, mfanyabiashara aliyetuma misafara ya mali na wanaume wakatumwa naye. Alimkuta mwanamke aliyechukua urithi wa baba yake, akajenga msikiti, na msikiti ukawa chuo cha kusafiriwa na watu wa mbali. Aliwakuta wapokezi wa hadithi za Mtume ambao wanaume wenye ndevu walipiga magoti mbele yao kusahihishiwa madaftari. Alimkuta malkia aliyekalia kiti cha enzi cha baba yake kwa sababu baba aliwapima wanawe wa kiume akaona hawatoshi. Kurasa zao, alisema, ndizo zilizokuwa zimechanika zaidi, na hakuamini kuwa ni bahati mbaya.

Aliolewa Jumamosi tarehe 5 Agosti 1972 na fundi saa, mtu wa maneno machache. Walifahamiana kwa sababu fundi saa alileta kitabu kilekile kimechanika mara nne ndani ya mwezi mmoja. Mara ya nne marehemu akamtazama mikono, akamwambia, "Kaka, hiki hakikuchanika. Umekichana." Fundi saa akakiri. "Basi niambie unachotaka," akasema marehemu, "kabla hujaimaliza maktaba ya watu." Waliishi pamoja miaka ishirini na saba, wakazaa wana wawili na binti mmoja. Fundi saa alikuwa na mdogo wake wa kiume, katibu wa kamati ya madrasa ya mtaani, na watu walimwita Katibu tu, kama kwamba hapakuwa na makatibu wengine duniani. Habari zake zinafuata.

Mwaka 1984 marehemu alianzisha darasa la Alhamisi katika madrasa hiyo, kwa wasichana peke yao. Kila Alhamisi alisimulia habari za mwanamke mmoja wa Kiislamu aliyeacha alama, naye aliziandika usiku wa kuamkia darasa katika madaftari, kwa mwandiko wa kulala kidogo upande wa kulia. Yalifika tisa. Siku moja msichana wa miaka kumi, ambaye sasa ni mkunga na amekaa hapa, alimuuliza, "Mwalimu, mbona wote ni wa zamani na wa mbali? Hapa kwetu hakuna?" Alhamisi iliyofuata marehemu alileta habari ya kumi na saba. Ilikuwa habari ya Mama wa Vibao, aliyefundisha wasichana jikoni, mlango umefungwa. Hakuandika kuwa ni mama yake, maana alitaka wasichana wampende kwanza kwa kazi yake. Aliandika tu kama alivyoandika habari za wengine, akampanga katikati ya malkia na mjenzi wa chuo. Alisema hapo ndipo mahali pake.

Fundi saa alifariki tarehe 8 Novemba 1999. Marehemu akiwa ndani ya eda, Katibu alikuja kumjulia hali. Akaketi, akanywa chai, akasema, "Shemeji, yale madaftari nipe nikayapigishe chapa, wasichana wapate nakala." Marehemu akampa yote tisa, akiwa bado anamlia mumewe. Dada yake alikuwapo akamuuliza mbele ya mgeni, "Umeandika jina lako humo?" Marehemu akasema, "Kwa ndugu wa mume wangu niandike jina?" Hilo ndilo kosa pekee ambalo dada yake anamlaumu kwalo mpaka leo.

Jumapili tarehe 20 Mei 2001 kamati ilialika watu kwenye ukumbi wa madrasa kusherehekea wanawake wakuu wa Kiislamu. Nakala za kitabu chenye jalada la kijani zilikuwa zimepangwa mezani. Mwandishi wake, kwa herufi za dhahabu, alikuwa Katibu. Marehemu alichukua kimoja, akakifungua, akaona sentensi zake moja baada ya nyingine. Alikigeuza akatazama mgongo wake. "Hata kushonwa hakikushonwa," akamwambia dada yake. "Kimegandishwa tu."

Ukumbini palikuwa na pazia kati ya wanaume na wanawake. Katibu mwenyewe ndiye aliyeweka kanuni, tangu mwaka 1990, kwamba sauti ya mwanamke isisikike ukumbini. Mwenye swali aliandike kwenye karatasi, karatasi ipenyezwe chini ya pazia, naye Katibu aisome kwa kipaza sauti kama ilivyo, bila kupunguza, ili asidhulumiwe mtu. Kanuni ilikuwa nzuri.

Karatasi ya kwanza ya marehemu iliuliza: "Huyu Mama wa Vibao, mwandishi amempata katika kitabu gani?"

Katibu aliisoma, akakohoa kidogo. "Yumo katika vitabu vya kale vya Kiarabu. Nimevisoma mwenyewe. Ni mwanamke wa karne ya nne ya hijria. Na jiko hilo, ndugu zangu, msidhani ni jiko hivi hivi. Ni jiko la ikulu."

Nyuma ya pazia wanawake wawili waliokuwa wamefundishwa kwenye jiko hilo, na wanaolijua hata lilivyokuwa likivuja, walitazamana. Karatasi ya pili ikapita: "Alikuwa na watoto?"

"Hakujaliwa," akasema Katibu, na sauti yake ikajaa huruma. "Aliishi kwa ajili ya elimu tu."

Karatasi ya tatu ikapita. Katibu alikuwa ameshazoea, akaianza kwa sauti ileile ya juu: "Alijaliwa mabinti wawili. Mmoja ndiye anayeandika karatasi hii, na mwingine amekaa kando yake. Jiko lipo nyuma ya kiwanda cha sabuni, na ikulu hatujawahi kuiona." Maneno ya mwisho aliyasoma polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, lakini aliyasoma, maana kanuni ilikuwa yake.

Watu walicheka muda mrefu. Mzee mmoja upande wa wanaume alisikika akisema, "Katibu, na supu ya ikulu ilikuwaje?" Marehemu alisema kuwa katika maisha yake amekula vitu vitamu, lakini kicheko kile hakukisahau ladha yake.

Ingekuwa imeishia hapo, pengine angesamehe. Lakini wiki iliyofuata chumba cha darasa la Alhamisi kilifungwa kufuli kwa matengenezo, na matengenezo hayo hayajaisha hadi leo, mwaka wa ishirini na tatu. Na mwaka 2004 kitabu cha kijani kilichapishwa tena. Jina la Katibu lilibaki. Maneno ya marehemu yalibaki. Aliyeondolewa ni Mama wa Vibao. Marehemu alifunua ukurasa baada ya ukurasa, akahesabu wanawake, akafika kwenye malkia, akaruka hadi kwa mjenzi wa chuo, na katikati yao hapakuwa na mtu. Akasema, "Kunivua mimi jina ni kosa. Kumfukuza Mama, hilo ni jambo jingine." Tangu siku hiyo hakumwita tena Katibu shemeji, wala hakumnyima chai alipokuja kwenye misiba na arusi. Alimwekea chai na kumtazama akiinywa.

Darasa alilihamishia jikoni kwake. Alifundisha humo hadi mwaka 2022, wasichana mia mbili na kumi na wanane, mlango ukiwa wazi.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa. Alitibiwa hospitali ya serikali, akitunzwa na binti yake ambaye ni muuguzi, na hakulalamika isipokuwa kuhusu jinsi mafaili ya wodini yalivyobanwa vibaya. Katika ugonjwa huo Katibu, ambaye naye kisukari kimekwisha kumchukua vidole viwili vya mguu, alikuja mara tatu.

Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 12 Januari mwaka huu. Akasema, "Shemeji, naomba radhi."

"Radhi ya nini?"

"Kwa yote."

"Yote si jina la kosa," akasema marehemu. "Nenda ukalitafute jina lake."

Mara ya pili, mwezi Machi, alikuja nalo. Alilisema kwa sauti ndogo, mlango wa chumba ukiwa umefungwa: kwamba madaftari aliyachukua, kwamba maneno hayakuwa yake. Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho. "Ulinivua mbele ya watu, Katibu, unakuja kunivisha chumbani. Kayaseme palepale ukumbini, na Mama umrudishe mahali pake, nami nitakuwa sina neno." Katibu akasema hilo ni zito kwa mtu wa umri wake. Marehemu akamwambia, "Inasimuliwa kuwa khalifa alisahihishwa na mwanamke msikitini, naye akasema mbele ya watu wote: mwanamke amepatia, mimi nimekosea. Khalifa, mwenye dola. Wewe ni katibu wa kamati. Habari hiyo ipo ukurasa wa arobaini na moja wa kitabu chako. Au hukukisoma?"

Mara ya tatu ilikuwa tarehe 30 Mei. Katibu alilia. "Watu wananiita sheikh sasa, shemeji. Nikisema hilo nitabaki na nini?"

"Na kile ulichokuwa nacho kabla ya kuchukua changu."

Alipotoka, binti yake alimsihi, "Mama, msamehe tu, upumzike." Marehemu akamjibu kuwa hakuchoka. Kisha alimwita dada yake, akamwambia aandike, na yafuatayo ni maneno yake mwenyewe: "Kila aliyenikosea nimemsamehe, hata msimamizi wa maktaba, hata mtoto wa mwalimu mkuu. Katibu nimembakizia mlango. Asimame siku ya maziko yangu, mbele ya watu, aseme nani aliandika na nani alimfuta Mama. Akisema kabla jeneza halijatoka uani, nimemsamehe, na dada yangu shahidi. Likishatoka, tutaonana mbele ya Hakimu asiyehitaji kusomewa."

Alifariki Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake, shahada ikiwa mdomoni na binti yake amemshika mkono. Alikuwa na miaka sabini na saba.

Ameacha dada mmoja, wana wawili, binti mmoja, wajukuu wanane na kitukuu mmoja. Ameacha wanafunzi ambao wamejaa uani hapa mpaka barabarani, kati yao wakunga, walimu, hakimu mmoja na mshona vitabu mmoja. Ameacha shemeji mmoja, ambaye familia imemtengea kiti safu ya mbele.

Mola ampanulie kaburi lake, amkutanishe na mama yake na wale waliowatangulia. Jeneza litatoka baada ya sala ya alasiri. Sasa hivi ni saa tisa kasorobo, na mwenye neno tunamsikiliza.