Roshani ya Kupungia Ndege

Katika basi la kwenda uwanja wa ndege, dada wa usafi alitega sikio. Mbele yake, mzee aliyewahi kupakia mizigo ndegeni alikuwa akimbishia bibi asiyemjua.

"Ile roshani ya jengo la zamani ilikuwa danganya toto, mama. Ndege ziliondoka zimeipa mgongo. Abiria hakuona mtu."

"Marehemu mume wangu aliniona. Kila akirudi, alinitajia rangi ya kitambaa nilichompungia, na kila safari nilibadilisha."

"Alikiona mkiagana pale chini."

Dada akamwonea bibi huruma. Mzee kashinda, na wala hana haya. Basi likasimama.

Bibi akainuka, akaupapasa mkoba wake. "Chini kilikuwa humu, baba. Nilikitoa nikishafika juu."

Akashuka.