Ua wa Zege wa Marehemu Bwanausi Mwishehe

Ndugu, jamaa na majirani, asalaam alaykum. Huyu tuliyetoka kumzika alizaliwa Dunda, Bagamoyo, tarehe 14 Machi 1957. Alisoma madrasa na shule ya msingi hukohuko, akalelewa katika nyumba ya babu yake yenye dari la boriti za mikoko. Boriti hizo alizisifu maisha yake yote.

Alijifunza uashi, na watu wa Dar walipoanza kununua viwanja Mapinga, akawa anajenga nyumba, anaikalia, anaiuza. Kila ua aliumwagia zege. “Mnunuzi haangalii msingi,” alisema, “anaangalia anapokanyaga.” Na kweli nyumba zake hazikukaa sokoni.

Mwaka 1984 alimuoa Bi Kibibi Haji wa Kerege, wakajaaliwa binti mmoja, Nasrin. Utani wao mtaa mzima mliusikia. Walipohamia nyumba hii mwaka 2009, palikuwa na shimo la choo cha zamani katikati ya ua. Badala ya kulijaza kifusi, marehemu alilaza boriti juu yake, akamwaga zege, akapiga sakafu ikang’aa.

“Boriti za babu hazijaoza mpaka leo,” alijitapa.

“Za babu ziko darini, baba Nasrin. Hizi ziko juu ya choo!”

“Mama wee, lete chai.”

Bi Kibibi akitwanga pale, chini paliitika kama ngoma. Akahamisha kinu. Baadaye ukatokea ufa, na kila ukaribiapo mwezi wa Ramadhani marehemu aliuziba kwa saruji, nao ukarudi. Ubishi wake, Mungu amsamehe, ulikuwa mgumu kuliko hilo zege.

Februari 2025 alipatwa na kiharusi. Akiwa hospitalini alimshika mkewe mkono: “Mama Nasrin, zile boriti zimeoza. Usiweke watu uani.” Bwanausi kukubali kosa! Hapo ndipo Bi Kibibi alipojua kuwa mumewe haponi. Alifariki alfajiri ya tarehe 6 Mei.

Ndiyo maana turubai limefungwa kando ya lami, na pilau inapikwa kwa jirani yetu Mwaija. Mtuwie radhi kwa vumbi. Kiti chake kilichobaki uani asikifuate mtu. Jana kilikaa sawa. Leo kimeinama upande wa chumba cha Bi Kibibi.

Naye yumo humo, ameanza eda. Shehe amemruhusu akaikalie kwa Nasrin, maana nyumba ina hatari. Amekataa katakata: “Nimkimbie mume wangu hata udongo wa kaburi haujakauka?” Tunaogopa, jamani. Mkiingia kumpa pole, piteni mlango wa mbele, wachache wachache, na kila mmoja amsihi atoke.

Marehemu ameacha mjane, binti, mkwewe Seleman na wajukuu. Mola amlaze pema Bwanausi wetu, na ardhi hii imvumilie mkewe mpaka akubali kutoka. Amin.